Leseni Haitakufuata Kitandani

Unamjua yule mtu.

Anakuja na bahasha ya kaki kwapani. Ananong'ona kwamba ana ndugu ofisini, kwamba jina lako linaweza kusogezwa mbele kwenye orodha ya kwenda Kanada, kwamba kinachohitajika ni pesa kidogo tu ya kufungulia faili. Mama mmoja anauza mbuzi. Baba mwingine anauza mahindi yakiwa bado shambani. Mwezi haujaisha, simu haipatikani.

Na wewe ulijua.

Wewe uliona kwamba risiti alizotoa eneo la Rubondo na zile alizotoa eneo la Juru zina mwandiko mmoja. Ulisikia akisema anafanya kazi Mbarara, ukamwuliza ofisi iko mtaa gani, akababaika. Ulitambua kwamba pikipiki aliyojigamba nayo ni ya kukodi. Ukaunganisha. Ukapata jibu kabla kijiji hakijapata kilio.

Kisha ukafanya nini?

Ukarudi kulala.

Huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, haziuzwi. Shirika lenyewe limelisema hilo mpaka sauti imekauka, na bado watu wanaliwa pesa zao mchana kweupe. Wanaliwa kwa sababu aliyeona hakuandika, na aliyeandika hakujua aipeleke wapi karatasi yake. Nasema nawe, kijana uliyemaliza sekondari pale makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukaketi kibarazani kuhesabu boda boda zinazopita. Nasema nawe, dada unayeuza sambusa Base Camp na kukumbuka sura ya kila mteja na deni lake bila daftari. Ndani yako amelala mpelelezi. Amelala fofofo, amejifunika shuka gubigubi, na kila siku unampunguzia sauti ili asiamke.

Leo naipandisha sauti.

Mpelelezi binafsi ni mtu anayelipwa na wakili, na benki, na kampuni ya bima, na mjane aliyedhulumiwa shamba, ili atafute ukweli wa jambo na kuuweka kwenye karatasi inayosimama mbele ya hakimu. Tuliosoma riwaya za Kiswahili tulikutana naye zamani: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba. Tukampenda. Tukafunga kitabu, tukasema hao ni watu wa hadithini.

Nani alikwambia hivyo? Na kwa nini ulimwamini haraka namna hiyo?

Najua utakachojibu. "Sina leseni." Vizuri. Tuanze hapohapo, maana watu wengi wanalitamka neno leseni kama wagonjwa wanavyotamka jina la ugonjwa, ili waonewe huruma na waachwe walale.

Je, umewahi kuuliza leseni hiyo ni nini?

Sheria ya polisi ya Uganda inazihesabu taasisi zinazochunguza kwa niaba ya watu ukweli wa jambo au mwenendo wa mtu pamoja na kampuni za ulinzi binafsi. Yaani kampuni inayofuatilia mdaiwa aliyetoroka na kampuni inayosimamisha mlinzi mlangoni mwa benki zinasimama mbele ya sheria moja. Kanuni zake ziliandikwa upya mwaka 2013. Anayetoa idhini ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Na tazama sheria inazungumza na nani: inazungumza na taasisi. Haikungoji wewe peke yako, na shati lako moja, uende Kampala kugonga mlango wa mkuu wa polisi. Inaitaka kampuni iliyosajiliwa, yenye uongozi unaojulikana, yenye watu waliopekuliwa kabla hawajapekua wengine.

Sasa nieleze. Sheria hiyo imekuzuia kuingia kwenye kampuni yenye leseni ukiwa mfanyakazi? Imekuzuia kumsaidia wakili kukusanya mashahidi? Imekuzuia kujifunza kuandika taarifa? Imekuzuia kusoma?

Haikukuzuia. Umejizuia mwenyewe, halafu ukaisingizia sheria.

Na lile linalokatazwa, likubali bila manung'uniko. Usichapishe kadi yenye picha ya jicho na kuanza kuzunguka High Street ya Mbarara ukijiita ditektivu. Usimtoze mtu pesa za uchunguzi kwa jina la ofisi isiyokuwepo. Ukifanya hivyo una tofauti gani na yule wa bahasha ya kaki? Njia iliyonyooka ipo. Ni ndefu. Ndiyo maana haina msongamano.

Hebu tutoke nje ya Uganda kidogo, uone wenzako wanadaiwa nini. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia ulinzi binafsi mwaka 2016, ikaunda mamlaka yake, na wachunguzi binafsi wamo humo. Afrika Kusini kuna mamlaka iliyozaliwa na sheria ya 2001, na mchunguzi binafsi lazima awe kwenye daftari lake. Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 2001, ikaweka leseni kwa walinzi na mabaunsa, lakini leseni ya wapelelezi binafsi waliyoiahidi haikuwahi kuanza kutumika. Ajabu, sivyo? Nchi ya Sherlock Holmes!

Nenda California. Pale wanataka saa 6,000 za kazi ya uchunguzi uliyolipwa, kisha mtihani. Mwenye shahada ya sheria au ya sayansi ya polisi anapunguziwa, anadaiwa 4,000. Saa 6,000 ni miaka 3 ya kazi ya kutwa nzima.

Miaka 3.

Wewe una miaka mingapi unangoja?

Na Ontario, Kanada, kulekule ambako mama aliuza mbuzi ili jina lake lifike, wanataka mafunzo ya saa 50, mtihani wa serikali, umri wa miaka 18, rekodi safi, na haki ya kufanya kazi nchini. Soma tena hicho cha mwisho. Haki ya kufanya kazi. Hawakuandika lazima uwe raia. Kuna watu watakaotoka Nakivale mwaka huu au mwaka ujao, watafika huko, watapokea makaratasi yao, na watakaa miaka 10 wakisukuma matoroli ya ghala huku wanaamini kwamba kazi za akili ni za wenye nchi. Saa 50! Unazimaliza kwa wiki moja na nusu ukiamua kuacha kulalamika.

Lakini usifikiri hiyo ndiyo ruhusa ya kungoja ndege. Kinachotakiwa kule kinaanza kupikwa hapa.

"Mimi ni mkimbizi." Hilo ndilo la pili, na nalijua uzito wake, wala sitalicheka. Ila ninalo swali: umeisoma sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006? Sijauliza kama umesikia inasimuliwa kwenye mkutano chini ya mwembe. Umeisoma? Inakupa haki ya kufanya kazi ya kipato. Inakupa haki ya kufanya biashara. Inakupa haki ya kutumia taaluma yako endapo vyeti vyako vinatambuliwa. Zipo nchi ngapi duniani ambako mkimbizi anaandikiwa hivyo kwa wino wa serikali? Wewe umezungukwa na haki ambayo wenzako katika kambi nyingine wanaiota, na hujainama hata kuiokota.

Vyeti viko Kongo? Vya sekondari hulinganishwa na UNEB, baraza la mitihani, vya chuo na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Hilo ni zoezi la makaratasi, linachosha, lina gharama, na linawezekana. Umeanza? Au unayo nakala ya diploma ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro tangu ulipofika, na kila mgeni akija unaitoa, unamwonyesha, unairudisha?

Itoe safari hii, uipeleke.

Mwaka 1842 mwanamume mmoja wa Glasgow, Uskoti, alivuka bahari kwenda Marekani. Alikuwa fundi wa mapipa. Jina lake Allan Pinkerton. Hakuwa na shule ya upelelezi, hakuwa na mjomba polisi. Alifungua karakana yake Dundee, kijiji cha Illinois. Siku moja alikwenda kukata miti kwenye kisiwa kidogo cha mtoni, akakuta mabaki ya moto mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuishi. Mtu mwingine angekata miti yake na kuondoka. Yeye akajiuliza: nani anakuja hapa, na kwa nini? Akarudi kuvizia. Mwisho wa habari wakanaswa watu waliokuwa wakitengeneza pesa bandia. Kufikia mwaka 1850 hivi alikuwa na wakala wake wa upelelezi Chicago. Na mwaka 1856 mjane kijana aitwaye Kate Warne aliingia ofisini kwake kuomba kazi. Pinkerton alidhani anataka kazi za uandishi wa ofisini. Mama yule akakaa, akamweleza mambo ambayo mwanamke atayasikia na mwanamume hatayasikia kamwe. Akaajiriwa. Mwaka 1861 alikuwa miongoni mwa waliomvusha Abraham Lincoln salama kupitia Baltimore, usiku, watu walipokula njama ya kumuua.

Mhamiaji. Mjane. Moto uliozimika.

Wewe umekosa nini kati ya hivyo?

Sitaki hata hivyo ukimbie na hadithi nusu. Kampuni hiyohiyo, baadaye, ikageuka ngumi ya matajiri dhidi ya wafanyakazi. Mwaka 1892 watu wake walipigana na wafanyakazi wa kiwanda cha chuma Homestead, Pennsylvania, na damu ikamwagika. Enzi za Pinkerton hazikuwa na leseni. Hapo ndipo unapoona kwa nini leseni ikaja. Mtu mwenye akili ya kutafuta siri, asiye na sheria juu yake, hukodishwa na yeyote.

Na hapa nataka nikae, kwa sababu Nakivale si Chicago.

Nakivale ilianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi waliokimbia Rwanda, na tangu hapo haijafungwa. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea. Kila mmoja kakimbia kitu. Wengi wamekimbia mtu. Mwanamke kamkimbia mume aliyemkata kwa panga. Kijana kalikimbia kundi lenye silaha lililomwandikisha kwa nguvu. Mwandishi wa habari kaikimbia serikali. Sasa fikiri: umeshaanza kusifika kwamba unaweza kutafuta watu. Anakuja bwana mpole, amevaa vizuri, machozi yanamlengalenga, anakwambia anamtafuta dada yake aliyepotezana naye njiani. Ana picha. Ana pesa. Utamtafutia?

Utasema ndiyo haraka namna hiyo?

Huyo "dada" akiwa ni mke aliyekimbia panga, wewe umefanya kazi gani? Utakuwa umemaliza kile alichoshindwa kukimaliza yeye.

Ndiyo maana nikisema mafunzo sisemi kamera ya kwenye kalamu. Somo la kwanza la upelelezi Nakivale ni kujua nani wa kutomtafuta. Watazame Msalaba Mwekundu. Wanaunganisha jamaa waliopotezana vitani, kazi hiyo wanaijua, na utaratibu wao ni huu: wakimpata anayetafutwa, wanamwuliza kwanza kama anataka apatikane. Akikataa, anuani yake haitolewi. Basi. Mwenye machozi atalia, mwenye pesa atakasirika, na anuani haitatolewa. Siku utakapoweza kurudisha bahasha ya pesa kwa sababu hiyo, ukiwa na njaa, siku hiyo umefaulu mtihani mgumu kuliko wa California.

Mengine ya sheria nitayataja mbiombio, kayasome mwenyewe. Katiba ya Uganda inalinda faragha ya nyumba, barua na mawasiliano. Sheria ya 2010 imeweka utaratibu wa kunasa mazungumzo ya simu, na wewe humo huna nafasi. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 itakukamata ukifungua WhatsApp ya mke wa mtu, hata mume akikupa simu mkononi. Sheria ya ulinzi wa data binafsi ya 2019 inakuuliza ulikusanya nini, kwa idhini ya nani, na unakihifadhi wapi. Kujifanya askari ni jela. Na kesi ya mtoto aliyenajisiwa, au ya mtu aliyeuawa, hiyo ni ya polisi tangu dakika ya kwanza. Usiguse kitu, usihoji mtoto, zuia watu wasikanyage, ita polisi.

Maandishi hayo yote utayapata wapi? Kwenye ULII, maktaba ya sheria na hukumu za Uganda, kwenye intaneti, bure. Bure kabisa! Bando lililokwisha jana kwa video za watu wanaodondoka kwenye bodaboda lingekutosha kusoma hukumu kadhaa za Mahakama Kuu. Nani alikuchagulia zile video? Nani aliyekunyima hukumu?

Asiyeuliza, hanalo ajifunzalo. Wahenga walikuwa wanakusema wewe.

Sasa sikia unacho nini tayari, maana hasira yangu yote inatoka hapa. Ningekuwa nasema na mtu mtupu ningesema taratibu.

Una lugha. Kijana wa kawaida wa Base Camp anaamka na Kinyabwisha au Kibembe, ananunua sukari kwa Kiswahili, anacheza mpira kwa Kirundi, anaomba lifti kwa Kinyankole, anajibu ofisini kwa Kiingereza. Wakili wa Mbarara mwenye kesi ya mkopo, ambaye shahidi wake ni Msomali anayeuza vitambaa na mdaiwa wake ni Mkongo aliyehamia kijiji kingine, atamtoa wapi mtu wa kumfikisha? Ana magari, ana tai, ana shahada ukutani, na anakuhitaji wewe. Hajui upo. Atajuaje nawe umelala?

Una macho yaliyofundishwa na shida. Wengi wenu mmeketi mbele ya afisa, mkaulizwa mto uko upande gani wa kijiji, shule iliitwaje, mvua ilikuwa inanyesha au la siku mliyoondoka, kisha baada ya wiki mkaulizwa tena, swali lilelile kwa mlango mwingine. Mlichukia. Haki yenu. Lakini mmejifunza kwa ngozi yenu jinsi simulizi inavyopimwa: tarehe kwa tarehe, jina kwa jina, mahali kwa mahali. Polisi wengine hulipiwa kozi kufundishwa hicho.

Na mmeona kwa nini hesabu ya watu ni jambo la upelelezi. Mwaka 2018 Uganda na UNHCR walipowapitia wakimbizi mmoja mmoja kwa alama za vidole, daftari lilikuwa linasema kama milioni 1.4, waliojitokeza wenye miili wakawa kama milioni 1.1. Majina laki kadhaa yalikuwa hayana watu. Mwaka huohuo vigogo walisimamishwa kazi. Chanzo cha yote hayo kilikuwa nini? Kuna mtu aliyelinganisha karatasi na binadamu, akakataa kunyamaza.

Kulinganisha karatasi na binadamu. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Benki inataka kujua kama duka lililoombewa mkopo lipo. Kampuni ya bima inataka kujua kama gari lilipinduka kweli Ruti au lilipinduliwa kwa mdomo. Mnunuzi wa shamba Isingiro anataka kujua kama hati aliyoonyeshwa inafanana na ile iliyoko ofisi ya ardhi ya kanda, Mbarara. Mwajiri anataka kujua kama cheti ni cha chuo au cha kibanda cha fotokopi. Hayo hayana bastola. Hayana koti refu. Yana viatu vya vumbi, subira, na karatasi iliyoandikwa sawasawa.

Unaweza kuandika sawasawa?

Tujaribu. Mimi nikikuuliza jirani yako jana alikuwaje, utaniambia: "Alikuwa amelewa." Nakufukuza kazi papo hapo. Ulimpima? Sema hivi: "Saa 4 na dakika 10 usiku alitoka kwenye baa. Alishika ukuta mara mbili. Alidondosha funguo, akaziokota kwa mkono wa kushoto. Alipita hatua mbili kutoka niliposimama, nikasikia harufu ya waragi." Umeona tofauti? La kwanza ni maoni, wakili wa upande wa pili atalirarua kabla hujameza mate. La pili linasimama. Mahakama inataka kile ulichokiona kwa macho yako na kukisikia kwa masikio yako; ya kuambiwa na fulani aliyeambiwa na fulani yanaishia mlangoni.

Basi fanya hivi kuanzia leo usiku. Nunua daftari la bei ya chini kabisa. Kila siku chagua tukio moja la kawaida, ugomvi wa foleni ya maji, lori la mkaa, mkutano wa RWC, baraza la ustawi wa wakimbizi, uliandike: saa, mahali, nilichoona, nilichosikia na kwa nani. Mwisho kabisa, chini ya mstari, ninachokisia. Usichanganye sehemu ya juu na ya chini. Wiki ya kwanza utachanganya. Ya pili utachanganya. Endelea! Usifute kwa kufunika. Kata kwa mstari mmoja, tia saini pembeni, ili yeyote aone ulikosea wapi. Hakimu anaiamini karatasi yenye kosa lililokiriwa kuliko karatasi safi mno.

Nani atakuzuia kwa hilo? Kamanda wa makazi? Inspekta Jenerali? Mvua?

Shule ya pili iko Mbarara, kama kilomita 60 kutoka hapo ulipo, na haina ada. Inaitwa mahakama. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani. Katiba inataka hivyo. Nenda mahakama ya hakimu, nenda Mahakama Kuu, vaa shati safi, zima simu, kaa benchi la nyuma. Tazama shahidi anavyoanguka. Tazama ni swali gani lilimwangusha. Tazama askari mpelelezi anavyoulizwa kidhibiti alikikabidhi kwa nani, saa ngapi, na kama alisaini, na jinsi kesi nzima inavyomwagika kwa sababu ya saini moja iliyokosekana. Vijana wa Law Development Centre, chuo cha sheria, waliofunguliwa kampasi Mbarara, wanalipa mamilioni kujifunza mambo hayo. Wewe unalipa nauli.

Nauli unayo?

Usinijibu haraka. Najua mgao wa chakula umekatwa. Tangu 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, inawagawa watu kwa makundi ya uhitaji, na kuna nyumba zilizobaki bila kitu. Simwambii mwenye watoto wenye njaa auze posho apande gari. Nakwambia wewe ambaye kila Jumamosi unaweka dau kwenye mechi za Uingereza. Wewe. Nauli unayo. Iko mfukoni mwa mwenye kibanda cha kubeti, umempelekea mwenyewe, kwa miguu yako, kwa hiari yako.

Na ukitaka cheo kinachotambulika duniani, kipo. Chama cha wachunguzi wa ulaghai, ACFE, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, kinatoa cheti cha CFE. Wanataka miaka 2 ya kazi inayohusiana na ulaghai, alama za kutosha za elimu na uzoefu, na mtihani. Ni ghali, si cha mwaka huu. Lakini miaka 2 hiyo ya kazi itahesabiwa tangu lini? Tangu siku utakayoanza. Si tangu siku uliyotamani.

Kwa hiyo tafuta pa kuanzia, hata pawe padogo pa kutia aibu. Kupeleka hati za mahakama kwa niaba ya ofisi ya wakili. Kutafsiri mahojiano. Kuhakiki anuani kwa ajili ya chama cha akiba na mikopo. Mlinzi wa usiku katika kampuni yenye leseni, kampuni ambayo kesho itahitaji mtu wa kitengo cha uchunguzi na itamtafuta kwanza miongoni mwa watu wake. Unaona haya kuvaa sare ya mlinzi? Pinkerton alinuka utomvu wa mapipa.

Utakataliwa. Wakili wa kwanza hatakuangalia usoni. Wa pili atakwambia uache namba. Wa tatu atauliza kitambulisho, akiona ni cha mkimbizi atakohoa. Rudi na kile ambacho hawajaletewa na mtu: taarifa ya kurasa 2, iliyochapwa, ya kesi uliyoisikiliza kwenye mahakama ya wazi, ikionyesha shahidi gani hakuulizwa na alipaswa kuulizwa nini. Usiseme "naomba kazi yoyote." Sema: "Mheshimiwa, nimesikiliza kesi hii siku zote ilipotajwa, na haya ndiyo niliyoyaona." Kisha nyamaza. Acha karatasi iongee.

Wa nne ataisoma. Au wa tisa. Wewe utakuwa bado umesimama?

Jumatatu mahakama zinafunguliwa. Daftari linapatikana kwenye kibanda chochote cha Base Camp. Magari ya Mbarara huanza kujaza abiria asubuhi na mapema.

Shati umeshalifua?